Paul Langevin: mutu aliyefundisha jiwe kusikiliza chini ya bahari

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa wa zamani, leo tunaleta jina lenye wengi kati yenu hamujalisikia bado: Paul Langevin, Mufaransa, profesa wa fizike, aliyekufa mu 1946. Jina lake halikutembea dunia yote sawa jina la Einstein ao la Marie Curie, hata kama wote wawili walikuwa rafiki zake wa karibu.

Lakini angalieni kazi aliyoacha. Saa hii tunapoandika, kuna meli mu bahari inatuma sauti chini ya maji na kungojea irudi, kusudi ijue kitu gani kiko chini. Na hapa kwetu, mu hospitali, kuna mama mwenye mimba amelala ku kitanda, munganga anapitisha kamashini juu ya tumbo, na mutoto anaonekana ku televizyo. Mashini ya meli tunaiita sonari, ya mama tunaiita ekografi. Zote mbili ziko na babu mumoja. Tena chombo cha kwanza cha ule babu kilikuwa jiwe, jiwe lenye wachimbaji wa Katanga wanalijua muzuri na mara nyingi wanalitupa kando: kwarsi, lile gumu, leupe, pengine lenye kuangaza sawa kioo.

Kugonga na kusikiliza

Mutu wa mina atafahamu kazi ya Langevin mbele ya mutu wa biro. Kisha baruti kulipuka, muzee wa kazi haingii ovyo mu galeri. Anakamata mutalimbo, anagonga ku dari. Jiwe likijibu na sauti kavu, ya wazi, liko imara. Likijibu sawa ngoma, ndani kuna ufa, na watu wanarudi nyuma. Ule muzee hajaona kitu. Amesikia tu, na sikio lake limeokoa watu.

Bahari nayo iko sawa galeri bila lampe. Mwangaza wa jua unashuka mu maji metre mamia chache, kisha ni giza tupu. Mawimbi ya redio hayapiti, maji ya chumvi yanayakula mara moja. Kitu moja tu kinatembea muzuri mu maji: sauti. Mu hewa, sauti inakimbia karibu metre 340 kwa segonde moja. Mu maji inakimbia karibu metre 1 500.

Basi hesabu ni nyepesi. Chukueni ziwa letu Tanganyika, lenye kina cha metre 1 470 fasi yake ya chini zaidi. Ukigonga maji juu, sauti itashuka mpaka chini, itagonga udongo, na itarudi kwako kisha segonde 2 hivi. Ukihesabu segonde, umejua kina. Langevin ndiye aliyepata chombo cha kugonga na chombo cha kusikia, na vyote viwili vilikuwa kitu kile kile.

Mutoto wa Montmartre

Alizaliwa mu Paris, ku mulima wa Montmartre, tarehe 23 mwezi wa 1, 1872. Baba yake Victor alikuwa mupimaji wa kazi za ujenzi. Alipita ku nyumba zinazojengwa, alipima kuta na sakafu, aliandika hesabu kusudi watu walipwe sawasawa. Haikuwa familia ya masikini kabisa, lakini haikuwa ya watajiri. Nyumbani walijua bei ya mukate.

Mu 1888, akiwa na miaka 16, Paul aliingia mu shule ya fizike na shimi ya muji wa Paris, shule iliyofunguliwa mu 1882 kusudi viwanda vipate watu wenye kujua kazi. Haikuwa shule ya wana wa machifu. Ilikuwa shule ya kutumika na mikono: mashini, chupa, moto, umeme. Mu laboratwari yake alikutana na mwalimu mumoja kijana, mupole, asiyependa makelele. Jina lake Pierre Curie.

Pierre Curie na ndugu yake Jacques walikuwa wamepata kitu cha ajabu mu 1880. Walikata kipande cha kwarsi namna fulani, wakakikandamiza, na jiwe likatoa umeme kidogo. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kinyume chake ni kweli vile vile: ukilipa lile jiwe umeme, linajikaza ao linajitanua, kidogo kabisa, hata jicho haliwezi kuona. Wakati ule watu wengi waliona ni muchezo wa wasomi. Kijana Paul alijifunza ile habari, na ilikaa mu kichwa chake karibu miaka 30 mbele ya kuamuka.

Alimaliza ile shule akiwa wa kwanza. Pierre Curie ndiye aliyemusukuma asiende kutumika mu kiwanda, aendelee na masomo. Akaingia École normale supérieure, fasi ya kufundishia waprofesa wakubwa, tena akiwa wa kwanza. Mu 1897 alivuka kwenda Cambridge mu Uingereza kutumika kwa profesa J. J. Thomson, aliyekuwa ameonyesha mwaka ule ule kitu kidogo chenye kubeba umeme, elektroni. Aliporudi, alipata udokta mu 1902, kisha akafundisha ku Collège de France. Mu 1905 alikamata kiti cha mwalimu wake Pierre Curie mu shule yao ya zamani. Mwaka uliofuata Pierre alikufa, gari ya farasi ilimukanyaga mu barabara ya Paris.

Tuseme hapa neno moja kwa watu wa Katanga. Pierre na bibi yake Marie ndio waliopata radiumu mu 1898. Kisha, kuanzia miaka ya 1920, radiumu nyingi ya dunia ilitoka mu mawe ya Shinkolobwe, yaliyopelekwa Ubelgiji. Ile familia ya kazi ambayo Langevin alikulia ndani yake, mikono ya wababu zetu iliilisha.

Mwaka wa masengenyo

Hatutaficha kitu, sababu maisha ya mutu si habari nzuri tu. Langevin alioa mu 1898 bibi Jeanne Desfosses, wakazaa watoto wanne. Ndoa ile haikuwa na amani. Kisha kifo cha Pierre, yeye na Marie Curie walikaribiana, wakapendana. Mu mwezi wa 11, 1911, magazeti ya Paris yalikamata ile habari na kuitangaza, gazeti moja likachapa hata barua zao za siri. Marie alitukanwa kuwa mugeni mwenye kuharibu nyumba ya Wafaransa. Watu walikusanyika mbele ya nyumba yake na kupiga makelele. Ni mwezi ule ule alipojulishwa kwamba amepata zawadi ya Nobel mara ya pili.

Langevin alimuita yule mwenye gazeti kupigana naye kwa bastola, ginsi ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Walisimama mbele ya mashahidi, lakini hakuna hata mumoja aliyefyatua. Mapenzi yao hayakuendelea. Urafiki ulibaki mpaka kifo cha Marie mu 1934. Na kisha miaka mingi, mujukuu mume wa Paul alioa mujukuu muke wa Marie. Maneno ya magazeti yalipita sawa moshi, familia zikabaki.

Vita chini ya maji

Mu 1914 vita ya kwanza ya dunia ikaanza, na Wajerumani wakatosha silaha yenye kutisha: sumarini, meli ya vita yenye kutembea chini ya maji. Tarehe 22 mwezi wa 9, 1914, sumarini moja tu ilizamisha meli kubwa tatu za vita za Uingereza kwa muda usiofika saa moja na nusu. Watu 1 459 walikufa. Mu mwezi wa 4, 1917, meli zilizozamishwa zilipita tani 800 000 kwa mwezi ule moja. Chakula, makaa, risasi, watu, vyote vilikwenda chini. Namna gani utapiga adui usiyemuona?

Mu 1915, injinieri mumoja Murusi, Constantin Chilowsky, aliyekuwa akikaa Uswisi, alituma wazo kwa serikali ya Ufaransa. Alisema tutume mu maji sauti ya juu sana, na mwangwi wake utatuonyesha sumarini iko fasi gani. Serikali ilitia ile karatasi mu mikono ya Langevin ili aseme kama iko na maana.

Langevin aliona wazo liko muzuri, lakini chombo Chilowsky alichofikiria hakingefaa. Wakatumika pamoja, kwanza mu laboratwari, kisha mu muto Seine wenye kupita katikati ya Paris. Mwezi wa 5, 1916, waliandikisha kazi yao ku serikali kwa majina yote mawili, la Mufaransa na la mugeni. Tunajua vizuri hapa kwetu ni mara ngapi mukubwa anasahau jina la yule aliyeleta wazo. Langevin hakusahau.

Juu ya nini sauti ya juu? Sauti nene, sawa ya ngoma, inaenea pande zote, huwezi kujua imegonga nini. Sauti ya juu kabisa inakwenda moja kwa moja, sawa mwangaza wa lampe ya kofia mu galeri: unaielekeza fasi unayotaka. Sikio la mutu linaishia karibu na mitetemo 20 000 kwa segonde. Langevin alitaka kama 40 000, hata zaidi. Hakuna mutu angeisikia. Ilihitaji sikio ingine.

Jiwe la dukani

Chombo chao cha kwanza kilikuwa kimetengenezwa na karatasi nyembamba ya mika. Kilitosha sauti, lakini kilikuwa kizaifu, na kusikia mwangwi ilikuwa taabu. Mu 1917 Langevin akakumbuka jiwe la mwalimu wake. Kwarsi ukiilipa umeme wenye kugeuka mara elfu makumi kwa segonde, itajikaza na kujitanua mara ileile, na itasukuma maji. Na mwangwi ukirudi na kuikandamiza, itatoa umeme. Jiwe moja, mudomo na sikio.

Ile umeme ya kurudi ilikuwa kidogo sana. Wakati wa Pierre Curie hakuna mashini ingeweza kuikuza. Lakini sasa vita ilikuwa imeleta taa mpya za redio za jeshi, zenye kukuza umeme mudogo mpaka uwe mukubwa. Vitu viwili vilikutana ku saa yao.

Ilibaki kupata kwarsi kubwa, safi, bila ufa. Katika Paris kulikuwa fundi mumoja wa vioo vya macho aliyekuwa na kwarsi kubwa sana, alikuwa ameiweka dukani kusudi wapita-njia waishangae. Ile ya mapambo ikakatwa kipande, ikatiwa kazini. Kisha Langevin alipata namna ya kutotumia jiwe kubwa: alipanga vipande vyembamba vya kwarsi kimoja kando ya kingine, akavibana katikati ya sahani mbili nene za chuma, sawa nyama katikati ya mikate miwili. Ile sandwishi ya chuma na jiwe, mafundi wa dunia yote wanaiita mpaka leo kwa jina lake.

Walipima mu bahari, ku kivuko cha Toulon. Nguvu ya ile sauti isiyosikika ilikuwa kali hata samaki wadogo waliopita mbele yake karibu walikufa palepale, na mutu akitia mukono mu maji aliona uchungu mu mifupa. Mu mwezi wa 2, 1918, sauti ilifika kilometre 8, na kwa mara ya kwanza mwangwi wa wazi ulirudi kutoka sumarini. Wafaransa waliwaonyesha Waingereza ile siri, na hao wakatengeneza yao. Vita ikaisha mwezi wa 11 mbele chombo hakijaanza kupigana.

Kutoka kuwinda mpaka kupima

Wengine wangefunga kile chombo mu sanduku. Langevin na wenzake wakakielekeza chini, ku udongo wa bahari.

Zamani kupima kina ilikuwa kazi ya jasho. Meli inasimama, watu wanashusha kamba yenye kilo za risasi ku ncha, wanangojea iguse chini, wanaivuta tena. Fasi yenye kina kirefu, kipimo kimoja kinakula masaa. Meli Challenger ya Waingereza iliyoondoka mwisho wa 1872, mwaka ule ule Langevin alipozaliwa, ilizunguka bahari miaka 3 na nusu, na vipimo vyake vya kina kirefu havikufika 500. Kisha vyombo vya sauti vikaja. Meli Meteor ya Wajerumani, kati ya 1925 na 1927, ilipima mara zaidi ya 67 000 mu Atlantiki ya kusini. Watu waliodhani chini ya bahari ni tambarare sawa uwanja wa mupira waliona milima na mabonde yenye kushinda yale ya inchi kavu.

Leo sonari ya meli haitumi sauti moja, inatuma miale mingi kwa mara moja kushoto na kulia, na inachora karta ya chini sawa picha. Ni sonari ya Wafaransa iliyoanza kupekua udongo wa bahari mu 1985 kusudi kutafuta Titanic. Wafaransa na Wamarekani waliipata pamoja tarehe 1 mwezi wa 9, karibu metre 3 800 chini.

Mutu aliyesimama

Turudi kwa maisha yake, sababu Langevin hakukaa mu laboratwari tu. Mu 1920, wafanyakazi wa Ufaransa walipoacha kazi, wakubwa fulani walitaka wanafunzi wa shule kubwa washike fasi zao, waendeshe treni na tramu. Langevin alikataa waziwazi. Kwake, masomo hayakupewa kijana kusudi avunje mugomo wa baba wa wengine. Mu 1934, Hitler alipokuwa amekwisha kukamata Ujerumani, alikuwa kati ya wasomi wa kwanza wa Ufaransa kuungana kupinga njia ile.

Hawakumusamehe. Mu 1940 Wajerumani waliingia Paris, na tarehe 30 mwezi wa 10 wakamukamata. Profesa wa miaka 68, mujulikana wa dunia yote, alitiwa mu gereza la Santé. Tarehe 8 mwezi wa 11 wanafunzi walikusanyika kwa ajili yake mbele ya Collège de France, kati ya polisi na askari. Siku tatu nyuma yake, wanafunzi wengi zaidi walitembea mu barabara za Paris mbele ya macho ya Wajerumani. Kisha zaidi ya mwezi moja walimutosha gerezani, lakini walimupeleka muji wa Troyes na kumukataza kutoka. Kazi yake ya ualimu ilikuwa imefutwa.

Uchungu mukubwa ulikuwa bado unakuja. Mukwe wake Jacques Solomon, naye mutu wa fizike, alikamatwa sababu ya kupigana na Wajerumani kwa siri, akapigwa risasi tarehe 23 mwezi wa 5, 1942. Binti yake Hélène, muke wa Jacques, alitiwa mu treni ya mwezi wa 1, 1943, pamoja na wanamuke wengine 229, wakapelekwa Auschwitz, kambi ya kifo. Kati ya wale 230, 49 tu walirudi. Hélène alikuwa kati yao. Baba yake alikaa miaka ile yote bila kujua kama atamuona tena.

Mwezi wa 5, 1944, rafiki walimuvusha Langevin mupaka wa Uswisi kwa siri, sababu maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa 9 alirudi Paris iliyokuwa imekombolewa. Alikuwa muzee, muchovu, lakini serikali ilimupa kazi moja zaidi: kuongoza watu wenye kufikiria shule mpya ya Ufaransa. Waliandika kwamba kila mutoto asome mpaka miaka 18, mutoto wa kiwanda sawa mutoto wa profesa, na kwamba kazi ya mikono iheshimiwe sawa kazi ya kalamu. Alikufa tarehe 19 mwezi wa 12, 1946, mbele ya ile kazi kumalizika. Wenzake waliitoa mu 1947. Tarehe 17 mwezi wa 11, 1948, mwili wake ulipelekwa Panthéon, nyumba ya mapumziko ya wakubwa wa Ufaransa.

Muto wetu na bahari

Sasa tuseme juu ya nini tumechagua huyu mutu kwa wasomaji wa Katanga, watu wasioishi karibu na bahari.

Ya kwanza ni muto. Lualaba inaanzia kwetu, inapita karibu na Kolwezi, inashuka, inageuka muto Kongo, inaingia Atlantiki. Muto haufii pale. Mbele ya mulango wake kuna bonde kubwa sana limechimbwa mu udongo wa bahari. Mwisho wa 2019 muto ulijaa namna haujajaa tangu miaka ya 1960. Mwezi wa 1, 2020, muchanga na matope yaliyolundikana ku mulango yaliporomoka mu lile bonde, yakakimbia zaidi ya kilometre 1 100 chini ya maji, na kukata kamba kubwa za intaneti zenye kulala chini. Mu inchi nyingi za Afrika intaneti ikawa nzito, watu wakafikiri ni kampuni za simu. Wataalamu walikuwa wamechora karta ya lile bonde kwa sonari mu 2019. Wakarudi, wakachora tena, wakalinganisha karta mbili, na wakaona fasi ambapo udongo umelika. Hakuna jicho lingeona ile kazi. Ni kugonga na kusikiliza tu.

Ya pili iko ku bahari ya Hindi, mu visiwa vya Komori, ambavyo luga yao ni ndugu ya Kiswahili. Kuanzia 2018 watu wa Mayotte walitetemeka na udongo mwezi kwa mwezi bila kujua sababu. Mu 2019 meli ya Wafaransa ilipita na sonari, kilometre 50 mashariki ya kisiwa. Karta ya 2014 ilionyesha fasi tambarare. Karta mpya ilionyesha mulima wa moto wenye urefu wa metre 820, umezaliwa kwa miaka michache. Waliupa jina Fani Maoré.

Ya tatu inatugusa mu sahani. Mu bahari ya Pasifiki, chini ya metre 4 000 na zaidi, kuna mawe meusi sawa viazi, yenye manganezi, nikeli, shaba na kobalti. Ile meli Challenger ndiyo iliyovuta ya kwanza mu miaka ya 1870. Leo sonari inaonyesha fasi gani yako mengi, na makampuni yanataka kuyaokota kwa mashini, kusudi betri za magari zisingojee tena kobalti ya Kolwezi. Kama siku moja itafanyika, bei ya kilo itabadilika hapa, na watoto wetu wataisikia. Lakini ni vyombo vile vile vyenye kuonyesha gharama ya ile kazi: fasi moja mashini ilipita kwa kujaribu mu 1979, na alama zake bado zinaonekana kisha miaka zaidi ya 40. Bahari haifuti haraka kidonda chake, sawa vile shimo la karieri halijifungi yenyewe.

Langevin aliona mapema hatari hii. Alifikiri kwamba akili ya mashini inakimbia, na haki ya watu inatembea kwa miguu nyuma yake, na kwamba kazi ya musomi ni kusaidia haki ifike. Chombo alichotengeneza kwa vita kimekuwa chombo cha kujua kina, cha kupata meli zilizozama, cha kuangalia mutoto tumboni. Daktari Ian Donald wa Glasgow, aliyeandika mu 1958 juu ya picha za kwanza za tumbo kwa sauti, alianza na mashini ya kutafuta ufa mu chuma, ile ile yenye mafundi wanatumia kuchunguza mashini nzito. Kuna vilevile walioendelea kuitumia kwa kuua. Jiwe halichagui. Mutu ndiye anachagua.

Basi, mutoto wako akirudi jioni kutoka karieri ao kutoka masomo na kipande cha kwarsi mu mufuko, sababu kinaangaza, usikitupe haraka. Muambie kwamba ukikikandamiza kinatoa umeme, na kwamba mutoto wa mupimaji wa nyumba alikifundisha kusikiliza chini ya bahari. Kisha muulize kama amemaliza hesabu za mwalimu.